Mwandiko Wangu Mzuri

Niseme mapema kwamba nina hasira, ili asiyependa maneno ya mtu mwenye hasira aishie hapa hapa. Nina miaka sitini na kidogo, nimestaafu ualimu, nina presha, na daktari amenikataza kukasirika. Nilimjibu ampeleke yeye mama yangu kuomba kitambulisho cha taifa, halafu akirudi tupimwe wote wawili.

Mama anaishi Keza, kwenye kilima kile kile alichozaliwa. Mimi niliolewa Kaniha, upande wa Biharamulo, nikafundisha huko zaidi ya miaka thelathini: Kiswahili, historia na uraia. Uraia, jamani! Nimesimama mbele ya watoto wa watu mwaka baada ya mwaka nikiwaandikia ubaoni raia ni nani, haki zake zipi, wajibu wake upi, na aliyekosa nilimchapa. Mwandiko wangu ulisifiwa na kila mkaguzi aliyepita. Nautaja mwandiko huo kwa sababu umo ndani ya mambo haya, nami nitafika huko.

Kitambulisho mama hakukihangaikia. Watu walipoandikishwa yeye alikuwa wodini na homa ya mapafu, na waandikishaji walipoondoka hakuna aliyekumbuka kumrudia. Laini yake ya simu nilimsajilia kwa jina langu, maisha yakaendelea. Balaa lilianza kijiji kilipoanza kupima mashamba ili kila mwenye shamba apewe hati ya kimila. Mama ana shamba la migomba aliloachiwa na marehemu baba. Mwenyekiti wa kitongoji alimfuata nyumbani akamwambia kwamba asiye na kitambulisho haandikwi, lakini asiwe na wasiwasi, shamba litaandikwa jina la binti yake mwalimu.

Alinipigia simu jioni hiyo hiyo.

"Wanasema shamba langu ni lako. Wewe umelilima lini?"

Nikamwambia ni karatasi tu, mama, likiwa langu ni lako. 

"Pale nimeshatolewa mara moja," akasema. "Safari hii nataka karatasi, na jina liwe langu. Nikifa mnizike hapo, pembeni ya baba yenu, asitokee mtu wa kusema mmezika mgeni kwenye ardhi ya kijiji."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakuomba pensheni wala bati la serikali. Alitaka karatasi moja yenye jina lake, na kupata hiyo ilibidi kwanza apate kitambulisho.

Basi nikapanda gari kwenda Ngara, nikamfuata Keza, tukaenda ofisini kwa bodaboda. Tulipanda mishikaki, dereva mbele, mimi nyuma, na mama katikati kavaa kitenge chake cha Pasaka. Tulipofika alinyoosha kiuno, akafuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, akaniuliza kama yuko sawa. Nikamwambia anapendeza.

Ofisini tulikuta kijana msafi, shati limepigwa pasi, heshima zote. Laiti angekuwa na jeuri! Ningejua pa kuanzia. Lakini huyu alisimama kabisa akasema, "Shikamoo, bibi," mama akamjibu, "Marahaba, mwanangu," na kiti akavutiwa.

"Bibi, umezaliwa lini?"

"Mwaka wa njaa."

"Njaa ipi, bibi?"

"Ile kubwa. Wazungu walikuwa wanapigana wao kwa wao, na huku watu wanachimba mashina ya migomba wanakula."

Kijana akaandika kitu kifupi sana. Akauliza tarehe. Mama akanigeukia, na hapo ndipo mimi, msomi wa familia, nilipofungua mkoba kwa mbwembwe nikatoa kadi ya ubatizo.

Lazima nieleze. Kwetu Ngara, kwa familia za Kikatoliki za siku nyingi, kadi ya ubatizo ndiyo cheti cha kuzaliwa, ndiyo cheti cha shule, ndiyo kila kitu. Nyumba ikishika moto, kadi inatolewa kwanza, ndama baadaye. Ya mama ilikaa ndani ya kitabu cha nyimbo tangu sijazaliwa, imekunjwa mara nne, wino wa padri wa Kizungu umegeuka rangi ya chai. Tarehe ya kuzaliwa imo, ya ubatizo imo, majina ya baba na mama yake yamo. Niliitandaza mezani kwa vidole viwili nikamwangalia yule kijana kana kwamba nimemweka mfukoni.

Akaisoma taratibu. Akainua macho.

"Mwalimu, parokia hii iko Burundi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo bibi ni mzaliwa wa Burundi."

"Amebatizwa huko! Hakuzaliwa huko!"

"Nyaraka ndiyo hii, mwalimu. Na mmeileta wenyewe."

Loo! Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Nikamweleza. Bibi yangu alitaka mtoto asimamiwe ubatizo na dada mkubwa wa bibi mwenyewe, na dada huyo alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku. Misheni ya upande wetu ilikuwa mbali zaidi, na kuna mto ambao wakati wa masika haukuvukika. Bibi akambeba mama mgongoni, wakashuka bonde, mtoto akamwagiwa maji, wakala ndizi kwa dada huyo, kesho yake wakarudi. Hakuna aliyeona mpaka njiani. Mpaka walikuwa nao Wazungu kwenye ramani zao, mmoja huku na mwingine kule, na ng'ombe wa babu walikunywa pande zote mbili.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba mama aseme maneno machache, amsikie. Mama akasema, "Mimi ni laia wa hapa, mwanangu," kwa sababu mama huchanganya r na l, kama inavyofanya nusu ya wilaya, kama alivyofanya mwalimu mkuu wangu wa kwanza na kama alivyofanya diwani wetu kwenye kampeni zote tatu alizoshinda. Kijana akaandika tena.

"Na wewe mwalimu," akaniuliza kwa upole ule ule, "kitambulisho chako ulikipataje?"

Haki ya Mungu, nilitaka kuipindua ile meza. Miaka thelathini na zaidi nimewafundisha watoto wa nchi hii, pengine na yeye alifundishwa na mtu niliyemfundisha mimi, anaulizia kitambulisho changu! Mama alinishika mkono chini ya meza akaubana. Kijana akatukabidhi fomu nyingine ya kwenda kujazia nyumbani. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, na juu yake imeandikwa: Eleza kwa kifupi historia ya maisha ya mwombaji.

Kesho yake asubuhi tulikaa nje ya nyumba, mama akichambua maharage kwenye ungo, mimi na kalamu.

"Anza, mama. Kwa kifupi."

"Kwa kifupi!" akacheka mpaka akakohoa. "Umri wote huu?"

Alianza na harusi ya mtu mwingine. Alipokuwa na miaka kama minane, jirani yao alioa binti kutoka ng'ambo ya bonde. Enzi hizo bibi harusi hakutoka nje siku za mwanzo. Alikaa ndani, akatafutwa msichana mdogo wa jirani akae naye, amchotee maji, amsemeshe asilie upweke. Aliyetafutwa ni mama. Bibi harusi mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mitano hivi, na wawili hao badala ya kukaa kwa adabu walishinda wakirusha kokoto na kuzidaka, mpaka mama mkwe akaja kuwafokea. Tangu hapo hawakuachana. Sisi watoto tulimwita yule bibi harusi Mama Mkubwa, na mpaka nafika darasa la nne niliamini yeye na mama walitoka tumbo moja.

"Siku ya uhuru," mama akaendelea, "mimi na mwenzangu tulikuwa tunapalilia maharage. Wanaume wakarudi kutoka mjini wamelewa rubisi, wanaimba, wanasema tuko huru. Nikauliza, kodi ya kichwa imefutwa? Wakasema bado. Tukaendelea kupalilia."

Nikaandika: Alikuwepo Keza wakati wa uhuru.

Habari za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa sikuhitaji kusimuliwa. Nilikuwepo, mtoto wa shule. Walikuja mgambo wakasema kila mtu ahamie barabarani, nyumba zipangwe kwenye mstari, huko kutakuwa na maji, shule na zahanati. Baba aliomba asubiri migomba iliyozaa ikatwe. Wakapanda juu wakang'oa nyasi za paa, sisi tumo ndani, na mvua ikanyesha jioni ile ile. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi. Kwenye kitabu lilikuwa na aya mbili na picha ya watu wanatabasamu, nami nililisoma kama lilivyoandikwa, sikuongeza hata neno moja, na hilo nalo linaniuma.

Kule barabarani tuliwekwa kwenye kijibanda, na maji hayakuja. Lakini kila alfajiri mama na Mama Mkubwa waliamka wakapanda kilima kurudi kwenye mahame yetu, vikapu vya samadi vichwani, wamejifunika kama wezi. Walipogolea migomba, wakaitandikia majani, wakarudi kabla mjumbe wa nyumba kumi hajaamka. Walifanya hivyo miaka, siku hii shamba la mama, siku ile la mwenzake, wakiugua wanapokezana. Watu waliporuhusiwa kurudi kimya kimya, mashamba mengi yalikuwa pori. La kwetu lilikuwa linazaa. Shamba hilo ndilo linalotafutiwa karatasi leo.

"Hilo liandike vizuri," mama alisema. "Andika mimi na mwenzangu."

Vita vya Uganda vilipokuja wakamchukua baba kwenye mgambo, mtu wa karibu miaka arobaini mwenye watoto watano. Alipanda lori akatupungia mkono kama mtu anayekwenda mnadani. Miezi mama hakujua kama ni mjane. Alirudi na viatu vikubwa na kikohozi, kikohozi kikamla miaka kadhaa mpaka kikammaliza. Taifa lilimshukuru kwenye redio, yeye na wenzake wote kwa pamoja. Karatasi ya kusema alikwenda hakupewa, au alipewa ikalowa, hakuna anayejua.

Halafu ule mwaka wa wakimbizi. Barabara ilijaa watu mpaka lami haikuonekana, na walipotua, miti ya wilaya ikaisha kwenye mafiga. Magari meupe yalipita yakiwa yamejaa mahindi na mafuta ya kula, na kila aliyetoka ng'ambo alipewa kadi ya kuchukulia chakula. Sisi wenyeji hatukuwa na kadi. Njaa ilitushika sawasawa, mihogo ikachimbwa ikiwa midogo kama vidole. Baadhi ya majirani zetu walikwenda wakapanga foleni, wakasema nao ni wakimbizi, wakala. Lugha ni moja, sura ni moja, nani angejua? Mimi mwenyewe, na mishahara ilikuwa inachelewa, nilikuja nyumbani nikamwambia mama aende akaandikishwe.

Sijawahi kufokewa vile, hata utotoni.

"Mimi si mkimbizi! Nikichukua kadi yao nitakuwa nimesema kwetu si hapa. Utanitoa wapi siku wakiniambia nirudi nilikotoka?"

Hakwenda. Yeye na Mama Mkubwa walichemsha mihogo, na kwenye migomba alikuwa amejibanza mwanamke mmoja mkimbizi na mapacha wake, wakamgawia na huyo. Mama Mkubwa ndiye angepata kadi kwa urahisi kuliko wote, maana ng'ambo kweli alizaliwa. Naye hakwenda. Alisema ameolewa hapa, amezika mume hapa, aandikishwe ukimbizi wa kutoka wapi?

Yote hayo niliyasikiliza nikayakata yatoshe mistari kumi na miwili. Mama alipomaliza ungo wake akaniuliza, "Mwenzangu umemwandika?"

"Nafasi haitoshi, mama."

Nafasi ilitosha. Nilikuwa nimebakiza mstari mzima. Niliogopa yule kijana akiona rafiki wa utotoni ametoka Burundi atatikisa kichwa tena, nikamfuta Mama Mkubwa kwenye uhuru, nikamfuta kwenye samadi, nikamfuta kwenye mihogo. Fomu ikabaki nadhifu, herufi zote zinasomeka.

Wiki iliyofuata tukarudi ofisini. Kijana akasoma, akasifu mwandiko. Nilijikuta nafurahi, mjinga mimi. Kisha akasema historia ni nzuri lakini ni maneno ya mwombaji mwenyewe, na kadi inasema vingine. Anahitaji shahidi mmoja tu. Awe amemzidi bibi umri, awe anamfahamu tangu utoto wake, aje atoe kiapo kwamba alimkuta Keza akiwa mtoto.

"Huyu ana miaka themanini!" nikamwambia. "Wa kumzidi wote wako makaburini. Niwafukue?"

"Yupo mmoja," mama akasema.

Nilijua anayemtaja kabla hajafungua mdomo tena. Nilitamani nimzibe kwa kiganja.

"Nilikuwa na miaka minane nikikaa naye ndani siku za harusi yake," mama akamwambia kijana. "Ananijua meno ya utoto yananitoka. Yuko hai. Juzi amenitumia salamu na watu wa mnadani."

"Vizuri sana, bibi! Yuko wapi?"

"Ng'ambo. Alirudishwa wakati ule wa operesheni."

Kijana akaweka kalamu chini, na naamini alisikitika kweli. Akasema mtu aliyeondolewa nchini kama mhamiaji haramu si raia, na kiapo chake hakifai kitu. Tutafute mwingine. Akasimama kutuaga kwa heshima kama siku ya kwanza.

Njiani kurudi nililipuka. Bodaboda inapanda kilima, mimi natukana upepo: serikali, ofisi, mipaka, Wazungu waliochora, vijana wanaosoma karatasi bila kusoma watu. Dereva alicheka mwanzoni, baadaye akaongeza mwendo. Tulipofika nyumbani nikaendelea, nikazunguka uani nikipiga teke maganda ya ndizi. Nikasema, na haya ndiyo maneno yangu kamili: "Watu gani wanamtoa bibi kizee nyumbani kwake, ambaye amekaa hapa zaidi ya miaka sitini? Nani alikuwa na roho hiyo?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anavua viatu vyake vya safari.

"Mwandiko ulikuwa wako," akasema.

Sasa nifike pale niliposema nitafika. Wakati wa ile operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu nilikuwa nyumbani kwa mama, likizo. Mtendaji wa kijiji wa enzi hizo alikuja kuniomba msaada. Alitakiwa kupeleka orodha ya watu wote, jina, umri na mahali pa kuzaliwa, na yeye kuandika kulimshinda. "Mwalimu, wewe mwandiko wako ni mzuri." Akaniletea kiti na soda. Siku mbili nilikaa barazani kwake, watu wanapita mmoja mmoja, naandika. Redio ilikuwa inatangaza operesheni asubuhi na jioni, kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba sikujua orodha ni ya nini. Nilijua. Nilijiambia kuorodhesha si kufukuza. Mtendaji alisema niweke ukweli tu, na mimi ni mwalimu, ukweli ndio kazi yangu.

Mama Mkubwa alipofika hata sikumuuliza. Alinipa mkungu wa ndizi aliokuwa anaupeleka sokoni nimshikie, akafunga vizuri kanga yake, akasema, "Mwanangu, umekonda, hawakulishi Kaniha?" Nikacheka. Mbele ya jina la mama nilikuwa nimeandika Keza. Mstari wa chini yake, mbele ya jina la Mama Mkubwa, nikaandika Burundi, herufi kubwa ya kwanza imepinda vizuri kama ya kitabuni.

Ningeweza kuandika Keza. Mtendaji asingepinga, kijiji kizima kisingepinga. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, hakuna aliyenishikia bunduki. Likizo ikaisha nikarudi Kaniha, na baada ya siku chache mama akanipigia simu analia: gari limekuja, wamempandisha na mkeka na jembe, hawakumpa hata nafasi ya kufunga kuku. Na mimi nikajibu, "Jamani! Serikali hii!" Zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikisema jamani, serikali hii.

"Ulijuaje?" nikamuuliza mama.

"Orodha walibandika mlangoni kwa mtendaji. Mimi nilifundishwa kusoma kwenye katekisimu, umesahau? Umeniandikia barua tangu uko chuo. Ile b yako kubwa, ile y yako yenye mkia kama ndoana. Nilisimama pale mlangoni nikasoma jina langu, nikasoma na la mwenzangu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe."

 Hasira yote niliyokuwa nimeipanga kwa yule kijana, kwa ofisi, kwa Wazungu na ramani zao, ikabaki haina pa kukaa ila kwangu. Sisemi wao hawana hatia. Wanayo, na nitawachukia mpaka naingia kaburini. Lakini shahidi wa mama yangu, mtu pekee aliyebaki chini ya jua wa kusema nilimkuta huyu hapa akiwa mtoto, nilimfukuza mimi, kwa kalamu ya bluu, nikinywa soda. Nililia uani pale, mwanamke mzima na presha yake. Mama hakunibembeleza. Aliingia ndani akatoka na daftari la mjukuu, akaling'oa karatasi ya katikati, akaniwekea juu ya stuli.

"Mwandikie. Jumamosi watu wa mnadani wanavuka."

"Nimwambie nini, mama?"

"Unajua cha kumwambia. Mwambie nani aliandika. Usiseme walisema, usiseme iliandikwa. Weka jina lako."

"Na kiapo? Hata akikubali, hawatakipokea."

"Nani amezungumza kiapo?" akanijia juu. "Mimi nikifa bila karatasi nitazikwa hapo hapo, na atakayekuja kunifukua aje na jembe lake. Nazungumza juu ya mwenzangu. Yuko kule anatuma salamu, ananiuliza watoto hawajambo, anamuuliza mwalimu. Kila mara anamuuliza mwalimu! Nimechoka kumjibu hajambo."

Nikashika kalamu. Herufi zikatoka mbovu kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikachana, nikaanza tena, nikachana. Mama akawa ananitazama.

"Anza na shikamoo," akasema. "Mengine yatafuata."

Nikaanza na shikamoo. Niliandika kurasa mbili, sikujitetea, nikaweka jina langu lote chini. Mama akaisoma yote, midomo ikicheza, akaikunja mara nne na kumpa muuza dagaa anayevuka kila mnada.

Shamba halijaandikwa. Wapimaji wamepita, wameliruka, kwenye ramani ya kijiji pale pana doa jeupe. Mama bado anapogolea migomba yake, polepole, akishikilia shina kwa mkono mmoja. Kila Jumamosi nampigia kuuliza kama watu wa mnadani wamerudi, ananiambia wamerudi, wameleta salamu zake, anauliza watoto hawajambo. Mwalimu siku hizi hamuulizi, na ile shikamoo yangu hadi leo sijapata marahaba.